Fatiha Tuliyoisoma Ofisini

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa dakika kumi na mbili, na sababu ilikuwa viatu. Mama alininunulia viatu vipya vya kisigino, ati mtoto wa kike haendi ofisini na kandambili, na kutoka kwetu Kibokoni nilipofika Makadara tu vilikuwa vishanichuna ngozi. Nikaingia Shimanzi, kule kwenye maghala karibu na bandari, nachechemea. Karani Mkuu, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama miguu, akatazama saa ya ukutani, kisha akaniambia, "Binti, hapa kila mtu ana kadi yake. Ukiingia waigonga kwenye mashine ile, ukitoka waigonga. Haya, nenda kaigonge, iandike ulivyochelewa."

Ilikuwa kampuni ya maghala ya chai. Chai ya bara ilitufikia kwa magunia, ikahifadhiwa, ikachanganywa, ikangoja mnada, kisha ikapakiwa melini. Mimi chai sikuigusa. Kazi yangu ilikuwa watu, maana niliajiriwa kuwa karani msaidizi katika ofisi ya wafanyakazi. Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii sasa hivi mna majina marefu ya kuiita. Sisi tulikuwa na kabati tatu za chuma, mafaili ya rangi ya kaki, na Karani Mkuu aliyeijua kampuni nzima kwa namba za mafaili. Kila mfanyakazi alikuwa na faili lake: barua ya kuajiriwa, likizo, ugonjwa, na barua za onyo kama alizipata.

Nitawaambia pia nilivyoajiriwa, mcheke kidogo. Kwenye mahojiano Meneja wa Utawala aliniuliza, "Umeposwa?" Nikasema bado. "Ukiolewa utaacha kazi?" Nikasema siachi. "Na ukizaa?" Nikacheka, naye akacheka, nikapewa kazi. Sikuona ubaya. Ubaya ni kwamba miaka mingi baadaye nilikaa upande wa pili wa meza ile ile, na mimi nikawauliza wasichana maswali yale yale, huku nacheka vile vile. Kuna mmoja alijibu kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Alikuwa hodari kuliko wote waliokuja siku ile, na sikumchukua. Leo sheria inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu hiyo, lakini sihitaji sheria kunieleza kwamba nilimdhulumu mtoto wa watu.

Kulikuwa na aina tatu za wafanyakazi. Kibarua ni yule aliyeitwa leo na kesho asiitwe. Wa mkataba ana karatasi ya miezi kadhaa, ikiisha yaongezwa au haiongezwi. Wa kudumu ndiye mwenye kazi yake. Nilipoingia niliwakuta wenzetu wa Kwale na Kilifi wamejaa kwenye orodha ya vibarua, wengine wana miaka na miaka pale, huku vijana wa mjini wenye ami na mjomba wa kuwaombea wakipata barua za kudumu kabla hawajajua choo kiko wapi. Nilimwuliza Karani Mkuu kwa nini. Akavua miwani, akaifuta. "Binti, mimi naandika majina ninayoletewa. Anayeyaleta si mimi." Nikarudi kwenye mafaili yangu. Nilikuwa mtu wa mjini mimi, na jambo lile halikuniuma mahali popote.

Karani Mkuu alipostaafu nikapewa kiti chake, na baada ya miaka nikawa Afisa wa Wafanyakazi. Mungu alinipa ulimi na uso wa kikazi, basi watu wakanizoea. Madereva walikuwa wakinitania, "Bi Rukia akikohoa, ghala lote lapiga magoti." Nikawajibu, "Hata nyinyi hamjui kupiga magoti vizuri." Tulikuwa tukicheka sana ofisini humo, siwezi kusema uongo.

Sheria mpya ya ajira ilipokuja, Meneja wa Utawala aliniita. Huyu hakuwa yule wa maswali ya posa, alikuwa kijana wa bara, mtaratibu. Akaniambia kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi lazima awe na waraka wa kukataza unyanyasaji wa kijinsia, na kila mfanyakazi aujue. Nikauandika kwa Kiswahili mimi mwenyewe. Nikaeleza mle kwamba kumwomba mfanyakazi mapenzi kwa ahadi ya cheo au kwa tishio la kumfukuza ni kosa, kwamba kumgusa bila ridhaa ni kosa, hata maneno na picha na macho yanayomkera ni kosa, na kwamba anayelalamika asiadhibiwe kwa kulalamika. Nikauweka kwenye fremu ya kioo, ukatundikwa kando ya mashine ya kadi. Nikafungua na daftari la malalamiko, jalada gumu, lenye safu za tarehe, jina, lalamiko na hatua iliyochukuliwa.

Daftari hilo halikuandikwa neno hata moja kwa miaka yote niliyolishika. Nilijisifu kwa hilo, astaghfirullah. Wakaguzi wakija nawaonyesha kurasa nyeupe, na Meneja Mkuu alikuwa akiwaambia, "Ofisi ya Bi Rukia haina kesi."

Kesi zilikuwepo, ila nilizimaliza kwetu kwetu. Wawili wakigombana, nawaita ofisini siku ya Ijumaa baada ya sala. Nachukua birika la kahawa, kashata, halua kidogo kutoka kwa mwenye duka Makadara. Kila upande unaleta mtu wake mzima. Kwa ajili ya sitara, kosa lenyewe hatulitaji, twasema tu kwamba kumetokea kutoelewana. Mkosaji anaomba radhi, mkosewa anasamehe, tunanyanyua mikono twasoma Fatiha, na kama palikuwa na karatasi iliyoandikwa inachanwa pale pale. Baada ya Fatiha, hakuna wa kulirudia tena jambo lile. Anayelirudia huonekana amevunja Fatiha, na mjini kwetu huko ni kujivunjia heshima yako mwenyewe. Kwa madereva wawili waliotukaniana mama, njia hiyo ilikuwa nzuri, wakatoka wameshikana mikono. Nikaona basi, yafaa kwa kila kitu.

Mwanasiti alikuja kwetu kwa mkataba wa mwaka mmoja, karani wa sampuli. Kazi ya sampuli ni kutoboa magunia, kuchukua kiasi kidogo cha chai kutoka kila shehena, kukiandika na kukipeleka kwa waonjaji. Yataka mkono safi na kichwa kilichotulia, naye alikuwa na vyote viwili. Alikuwa Mdigo wa upande wa Kwale, yatima wa baba, akikaa Buxton kwa ami yake, mzee aliyemlea tangu yu mdogo. Mnyamavu, lakini ukimchokoza hukosi jibu. Siku moja nilimwambia, "Wewe Mwanasiti, mbona huvai hata kipini?" Akasema, "Bi Rukia, nikivaa kipini mtanipa kazi ya kudumu?" Nilicheka mpaka nikakohoa.

Mkubwa wake alikuwa Msimamizi wa Ghala. Huyu tulikuwa majirani Kibokoni, mama yake ndiye aliyenisomesha Kurani. Kijana mcheshi, mwenye kumsalimia kila mtu, hapitwi na maziko wala harusi. Ndiye aliyependekeza nani aongezewe mkataba na nani apewe kazi ya kudumu.

Alikuja asubuhi moja, Mwanasiti, akafunga mlango nyuma yake. Akaniwekea mezani karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Akasema, "Bi Rukia, nimesoma kile kilichotundikwa pale kwenye mashine. Nimekuja kulalamika."

Nikazisoma. Alikuwa ameandika kila kitu kwa tarehe, kama anavyoandika sampuli. Siku Msimamizi alipomfungia chumba cha sampuli na kumshika. Siku alipomwambia kwamba barua ya kudumu iko mfukoni mwake na yeye ndiye atakayeamua aitoe vipi. Maneno aliyomwambia kuhusu wasichana wa Kidigo, ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani, wallahi, ni uso wa mama yake yule Msimamizi.

"Mwanangu," nikamwambia, "umemwambia nani mwengine?"

"Sijamwambia mtu. Hata ami hajui. Nataka liandikwe kwenye daftari."

"Likiandikwa litasomwa. Meneja atalisoma, karani atalisoma, mjini litafika kabla hujafika Buxton. Wewe ni mwari, hujaolewa. Watasema nini? Hawatasema alishikwa. Watasema alikuwa na nini na bosi wake mle ndani."

"Kwani mimi ndiye niliyekosa?"

"Hukukosa. Ndiyo nataka nikusitiri."

Halafu akauliza, "Na yeye ataacha?"

"Ataacha," nikasema. "Niachie mimi."

Ningeweza kufungua daftari lile. Lilikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na goti langu. Wajibu wangu kama afisa ulikuwa kuandika, kumpa Meneja nakala, kumwondoa Msimamizi pale wakati uchunguzi ukiendelea, na kumlinda mlalamikaji. Nilikuwa nimeyaandika haya yote kwa mkono wangu na kuyatia kwenye fremu. Nikaagiza kahawa.

Ijumaa ile Msimamizi alikuja na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Kwa upande wa Mwanasiti nilimwita ami yake. Akaja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amefurahi kuitwa ofisini kwa heshima. Nilimwambia, "Mzee wangu, kumetokea kutoelewana kidogo kazini baina ya mtoto na mkubwa wake, twataka tulimalize kwa wema." Hakuuliza ni kutoelewana gani. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu, na mimi nilijua hatauliza.

Msimamizi akasema, macho chini, "Kama nimemkosea, naomba radhi." Sikiliza hilo: kama. Mwanasiti akafungua mdomo, lakini ami akamtangulia. "Hawa ni watoto, na makosa ni ya binadamu. Mimi kwa niaba yake nimesamehe, na Mungu asamehe." Tukanyanyua mikono. Midomo yetu sote ilitikisika isipokuwa wake. Nilimwona. Kisha nikazichukua zile karatasi mbili, nikazichana vipande vinne, vinane, nikazitia kwenye pipa la taka, nikamimina kahawa. Ami yake akanibariki.

Kweli, Msimamizi hakumgusa tena. Alifanya lingine. Wiki ya tatu alimtoa kwenye sampuli akamweka kwenye sakafu ya kuchanganyia, kwenye vumbi la chai, kazi iliyokuwa ikifanywa na vibarua. Halafu barua zikaanza kunijia: amechelewa, amejibu vibaya, amekosea hesabu ya magunia. Kila barua ya onyo lazima ipite kwangu, na mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza. Alijieleza kwa ufasaha, na mimi nikaziweka barua zote kwenye faili lake. Faili la Mwanasiti likanenepa kwa makosa yake, na la Msimamizi likabaki na barua yake ya kuajiriwa na likizo. Mwaka ulipokwisha mkataba haukuongezwa. Nilimpa cheti chake cha kazi mkononi. Alikipokea, akaenda zake.

Mwanasiti hakukubali. Alikwenda kwa Afisa wa Kazi wa serikali, na shauri likafika mahakama inayosikiliza kesi za ajira. Habari zilipofika Buxton, ami yake alipigwa na butwaa. Kwake yeye, mtoto aliyemlea alikuwa amemfedhehesha mbele ya watu, amelirudia jambo lililosomewa Fatiha. Akamwambia ahame. Masikini Mwanasiti alijaribu kumweleza, naye akaziba masikio, akasema jambo lile limefungwa kwa Kitabu na hataki kulisikia. Mwanasiti akahamia Tudor, chumba kimoja na wasichana wenziwe.

Wakili wa kampuni alinifanyisha mazoezi. "Bi Rukia, jibu unachoulizwa tu. Usiongeze." Kizimbani nikaapa. Akaniuliza, "Kuna lalamiko lolote la mlalamikaji lililoandikwa katika daftari la malalamiko?"

"Hakuna."

"Katika faili lake?"

"Hakuna."

Wakili wa Mwanasiti, kijana mdogo aliyekuwa akitokwa jasho, akainuka. "Aliwahi kukuletea malalamiko?"

Nilibakisha miaka miwili nistaafu. Msimamizi alikuwa ameketi pale na mama yake, ajuza, ameshika tasbihi. Nikajiambia tumeshasoma Fatiha, kulifunua ni dhambi. Nilimtumia Mungu kuwa kisingizio, na hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko yote. Nikasema, "Palikuwa na kutoelewana kidogo, kukamalizwa kwa ridhaa ya pande zote, mbele ya mzee wake."

Mwanasiti alikuwa akinitazama. Hakulia. Alishindwa kesi.

Nikamaliza ile miaka miwili. Siku ya kuniaga, kampuni ilipika pilau, Meneja Mkuu akalinyanyua lile daftari juu watu walione. "Miaka yote hii, hakuna lalamiko hata moja!" Watu wakapiga makofi. Mie nilikuwa natazama kurasa zile, nikaona aibu iliyonipanda toka miguuni. Nikasema nina shinikizo la damu, nikaomba kwenda nyumbani. Nilisikia baadaye kwamba Msimamizi alipandishwa cheo. Sina la kuongeza hapo.

Ukistaafu unapata muda, na muda si rafiki kwa mtu mwenye jambo. Nikawa nauliza habari za Mwanasiti. Nikaambiwa yuko Makadara, anapika kwenye mkahawa mdogo karibu na soko la nguo. Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda. Nilimkuta jikoni anaepua mahamri. Amenenepa kidogo, amevaa miwani.

"Salamu alaykum, Mwanasiti."

"Alaykumu salamu, Bi Rukia. Karibu. Wataka chai?"

"Sitaki chai, mwanangu. Nimekuja kukutaka radhi. Na niko tayari kuapa upya, niandike hati ya kiapo, niseme ulikuja na nini siku ile na nilizifanya nini karatasi zako."

Aliweka chujio chini. "Bi Rukia, kesi ile imekwisha zamani. Nimewahi kuuliza, nikaambiwa muda wa rufaa umepita. Mimi kazi ya chai siitaki tena."

"Basi wataka nini? Niambie."

Akafikiri. Mteja akaagiza mbaazi, akampelekea, akarudi. "Ami yangu hasemi na mimi. Nimezaa watoto wawili, hajawashika. Idi naenda mlangoni kwake, atoka kwa mlango wa nyuma. Anaamini nilivunja Fatiha yake kwa ubishi tu. Mimi nikimwambia hanisikii. Wewe atakusikiliza."

Nilikwenda kesho yake. Buxton imebadilika sana siku hizi, lakini nyumba ya yule mzee niliipata kwa kuuliza. Nilimkuta barazani, macho yameingia ukungu, lakini sauti yangu aliijua. "Bi Rukia wa ofisini! Karibu, karibu mama." Akamwita mjukuu alete kiti. Akanisifu. Akasema hajaisahau kahawa yangu na wema wangu, na akaniomba radhi kwa utovu wa adabu wa mtoto wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mzee wangu," nikasema, "siku ile nilikuita ukasamehe. Nimekuja kukwambia kwamba mtoto hakuvunja kitu. Mimi ndiye niliyekuficha ukweli."

Akageuza uso wake upande wangu.

"Kwani mimi siku ile nilisamehe nini?"

Hapo ndipo nilipojua sijawahi kulitamka jambo lile kwa mdomo wangu. Sikulitamka ofisini wala kizimbani, hata kwa mume wangu sikulitamka. Nikamwambia. Nilimwambia mlango ulivyofungwa, na alivyoshikwa, na alivyoambiwa, yale ya Kidigo pia, yote kama yalivyoandikwa kwenye karatasi zile. Sikuliweka lile neno kutoelewana mahali pa jingine lolote. Mzee alikuwa akishika goti lake na kuliachia, akishika na kuliachia.

Nilipomaliza akauliza, "Na wewe ulikuwa wajua haya, wakati wanimiminia kahawa?"

"Nilikuwa najua."

Enyi mnaoshika ofisi hizi sasa, waraka mnao, sheria mnayo, na daftari mnalo. Mtu akija na karatasi yake, msimtafutie mzee wa kumsamehea. Andikeni, na jina la kosa liandikwe kwa jina lake. Sitara ni nzuri, lakini mimi nilimsitiri aliyekosa nikamfunua aliyekosewa, na nilikuwa na elimu ya kutosha kujua tofauti.

Mzee aliinuka kwa kujishikilia nguzo. Akamwambia mjukuu amletee kanzu na kofia, na amwitie tuktuk ya kwenda Makadara. Nikainuka nami, nikashika mkoba wangu, nikasema nitampeleka, napajua. Akanizuia kwa mkono, bila ukali.

"La, mama," akasema. "Wewe usije."